Malipizi baada ya kuokoka: namna ya kurudisha ulichochukua

Swali ninaloulizwa zaidi na watu waliookoka karibuni si la kunena kwa lugha wala la fungu la kumi. Ni hili: "Mchungaji, zile mbao nilizochukua kazini, sasa nifanyeje?" Wengine husema mbao, wengine sementi, wengine fedha za kikoba, wengine shamba ambalo mpaka wake ulisogezwa usiku. Jibu langu ni moja: rudisha. Ila namna ya kurudisha inahitaji maelezo, kwa sababu nimeona watu wenye nia safi wakiharibu zaidi walipokuwa wanatengeneza.

Tuanze na methali inayotumika vibaya kuliko zote katika jambo hili: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni maneno mazuri yakitoka kinywani mwa aliyekosewa. Aliyeiba hana haki ya kuyasema. Mwizi wa ng'ombe hawezi kusimama mbele ya zizi tupu la jirani na kumwambia tugange yajayo, huku maziwa ya ng'ombe yuleyule yako mezani kwake.

Wako wanaosema damu ya Yesu imelipa yote, hivyo kurudisha ni kuongeza matendo juu ya neema. Msomeni Zakayo, yule mtoza ushuru, taratibu katika Luka 19. Yesu alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, akajialika nyumbani kwake, na Zakayo akamkaribisha kwa furaha. Ndipo aliposimama na kusema: "nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hakulipa ili Bwana aingie. Bwana alikuwa ameshaingia, na mali ya watu ikaanza kutoka. Malipizi hayanunui msamaha wa Mungu hata kwa senti moja. Lakini toba inayobaki na mali ya wizi kabatini ina kasoro, na dhamiri yako inaijua.

Torati imetupa vipimo, na vinatofautiana kwa sababu. Katika Kutoka 22, aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza hulipa ng'ombe watano kwa mmoja, na kondoo wanne kwa mmoja. Mnyama akikutwa hai mkononi mwake, hulipa mara mbili. Hayo ni ya mwizi aliyekamatwa. Katika Mambo ya Walawi 6 na Hesabu 5 tunakutana na mtu mwingine, yule anayeitambua hatia yake na kuikiri. Huyu hurudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano tu. Angalieni rehema iliyomo humo: anayekuja mwenyewe analipa kidogo kuliko anayeburutwa. Na katika Walawi mwenye mali hupewa mali yake kwanza, ndipo kondoo mume wa sadaka ya hatia anapelekwa kwa kuhani. Bwana Yesu alifuata mwendo huohuo katika Mathayo 5:23-24: acha sadaka mbele ya madhabahu, nenda ukapatane na ndugu yako, kisha urudi uitoe.

Kwa hiyo ninaposhauri watu, naanzia kwenye sehemu ya tano. Si sheria inayomfunga Mkristo, ila ni kipimo cha haki, kwa maana mwenye mali amekosa matumizi yake muda wote huo. Kanisa la Afrika Mashariki lina urithi mzito hapa. Septemba 1929 Dk. Joe Church, tabibu wa Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi wa Uganda walikutana Kampala wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, na moja ya alama zake ilikuwa watu kwenda kwa majirani, waajiri na wamisheni wakiwa wamebeba vitu walivyoiba. Kutembea nuruni, kama 1 Yohana 1:7 inavyosema, kulionekana kwa macho: majembe yalirudi, mashuka yalirudi, madeni yalilipwa.

Sasa kazi yenyewe. Chukua daftari, si simu, maana simu huazimwa na watoto. Jifungie saa mbili, omba Roho Mtakatifu akukumbushe, kisha chora safu tano: nani, nini, mwaka gani, thamani yake leo, na imefikia wapi. Anza na vikubwa unavyovijua bila kufikiri. Usichimbe kila embe ulilochuma utotoni. Kuna watu dhamiri zao huwatesa kwa vitu ambavyo mwenye navyo angecheka kuvisikia, na hao nawaambia waje tuangalie orodha pamoja kabla hawajaenda kokote. Kama umeoa au umeolewa, mwenzako aione orodha kabla hujatoa fedha. Mume anayeuza kiwanja cha familia kimyakimya ili alipe malipizi anafungua deni jipya nyumbani.

Safu ya thamani ndiyo inayowashinda wengi. Redio ya shilingi 20,000 mwaka 1998 hailipwi kwa 20,000 leo. Uliza redio ya aina ile inauzwaje sasa, au iliyo karibu nayo, uongeze sehemu ya tano. Mbuzi hulipwa kwa mbuzi, na kama alikuwa jike, kumbuka angekuwa amezaa. Fedha taslimu unaweza kuzipima kwa kitu: zilitosha kununua magunia mangapi ya mahindi mwaka ule, na magunia hayo leo ni shilingi ngapi?

Wenye maduka wana hesabu yao. Chukua mizani iliyochezewa ikapunja gramu 50 kwa kila kilo ya sukari. Duka likiuza kilo 20 kwa siku, hiyo ni kilo nzima ya watu kila siku. Kwa siku 300 za mwaka ni kilo 300, sawa na mifuko sita ya kilo 50. Mithali 11:1 inaita hiyo chukizo. Lakini utamrudishia nani, wakati walionunua ni mtaa mzima? Kwanza peleka mizani Wakala wa Vipimo ikaguliwe, maana huwezi kulipa la jana huku mizani inaendelea kuiba leo. Kisha rudisha palepale ulipopunja, kwa kujaza kipimo na kwa kuwapa wahitaji wa mtaa huohuo. Zakayo alifanya njia zote mbili: wanaojulikana mara nne, na nusu ya mali kwa maskini. Aliyenunua mazao kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ana kazi iliyo wazi zaidi, kwa kuwa wakulima anawajua kwa majina na vijiji vyao. Aende kwao.

Ukiwa kwa mwenye mali, sema kwa ufupi. Mfano wa mtu aliyewahi kuwa muuzaji katika duka la mzee fulani:

"Shikamoo mzee. Mwaka 2009 nikiwa nauza dukani kwako nilikuwa natoa fedha za mauzo bila wewe kujua. Kwa makisio yangu ni kama shilingi laki moja na themanini kwa thamani ya leo. Nilikuibia. Nimemwamini Kristo na siwezi kuendelea kukaa na mali yako. Nimekuletea laki mbili na kumi na sita. Kama wewe unajua zilikuwa zaidi, niambie. Naomba unisamehe."

Tazama vilivyomo: mwaka, tendo kwa jina lake, kiasi, nyongeza, nafasi ya yeye kusahihisha, ombi. Na tazama visivyokuwemo. Hakuna "shetani alinipitia." Hakuna "mshahara ulikuwa mdogo," hata kama ulikuwa mdogo kweli. Hakuna "kama nilikukosea," maana neno kama hapo linamwachia mzee kazi ya kuthibitisha wizi wako. Ukishasema, nyamaza. Anaweza kulia, kukufukuza au kukukumbatia. Usimharakishe akusamehe pale pale.

Akikataa kupokea, mwombe mara moja akuelekeze fedha ziende wapi. Akisema basi, yameisha, amekusamehe deni, na hiyo ni haki yake. Akitaka mara kumi, usibishane mlangoni. Rudi na wazee wa kanisa, msikilizane.

Asiye na kitu asikae kimya akisubiri utajiri. Nenda ukiri, useme utalipa kiasi gani kila mwezi, uandike na kutia sahihi. Paulo alimwandikia Filemoni kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Anayeweza elfu kumi kwa mwezi alete elfu kumi, na tarehe isipite bila taarifa. Msikope kwa riba ili mlipe malipizi, wala msiwalaze watoto na njaa. Waefeso 4:28 inamwambia mwibaji afanye kazi kwa mikono yake, na kazi huchukua muda.

Mwenye mali akiwa amekufa, haki ni ya warithi wake. Usimpe ndugu wa kwanza utakayemkuta. Muulizie msimamizi wa mirathi, au mpe mjane na watoto mbele ya shahidi. Hesabu 5:8 inasema asipokuwepo jamaa wa kupokea, malipizi ni ya BWANA, kwa kuhani. Ni hapo tu, mpendwa, malipizi yanapokuja kanisani. Nalisema kwa uchungu kwa kuwa linatumiwa vibaya: mtu ana mwenye mali yuko hai, ana namba yake ya simu, lakini anachagua kutoa "sadaka kubwa" kwa sababu sadaka haina aibu. Sadaka hiyo ni ya mtu mwingine. Na wachungaji wenzangu, msipokee malipizi ya watu mkononi. Mkiombwa kuwa wapatanishi, muwe wawili, na maandishi yawepo.

Mali ya serikali au kampuni irudi kwa njia rasmi. Ukimpa karani fedha mkononi umemtia majaribuni. Omba kumbukumbu namba ya malipo au akaunti ya taasisi, na utunze risiti.

Jina la mtu nalo hurudishwa. Ulimchafua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu 60, kisha ukamwomba radhi kwa simu mkiwa wawili? Bado hujarudisha. Masikio yaliyosikia uongo ndiyo yasikie ukweli.

Yako mambo matatu ambayo usiyafanye peke yako. La kwanza ni uzinzi. Kwenda kwa mume wa mtu kumwambia "nililala na mkeo" kunaweza kuleta panga, na umekiri dhambi ya mtu mwingine bila ridhaa yake. Pita kwanza kwa mchungaji mwenye kifua cha kutunza siri. La pili ni kosa la jinai lenye mtu aliyeumizwa, hasa mtoto. Hilo halimaliziki kwa kuomba radhi ofisini kwa mchungaji. Ni la polisi na mahakama, na kanisa linaloficha linashiriki. La tatu ni cheti cha kughushi. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliondoa kazini maelfu ya watumishi kwa ajili hiyo. Onana na wakili kabla ya kuandika barua, jua gharama yake, kisha andika. Kanisa linalomhimiza mtu aseme kweli lijipange kubeba ada na unga wa watoto wake atakapokosa mshahara.

Ukipata nafasi ya kushuhudia, taja dhambi yako na namna Bwana alivyokutoa humo. Usitaje jina la uliyemwibia, wala duka lake, wala kiasi. Na safu ya tano ya daftari iendelee kujazwa kwa wino mpaka mstari wa mwisho, hata ikichukua miaka minne.