Ufichuzi wa maovu katika uzalishaji wa wanyama: maana yake na jinsi unavyoamuliwa

Ufichuzi wa maovu ni kitendo cha mtu aliye ndani ya taasisi, kwa kawaida mfanyakazi, kutoa taarifa kuhusu jambo lenye madhara linalotendeka humo kwa mtu au chombo chenye uwezo wa kulizuia. Katika biashara ya kuzalisha wanyama kitendo hiki kina uzito wa pekee, kwa sababu anayeumia hana namna ya kulalamika, mnunuzi haonyeshwi mabanda ya nyuma, na daktari wa mifugo aghalabu hulipwa na mwenye biashara yuleyule. Anayejua ukweli ni yule anayelisha, anayesafisha vizimba na anayejaza daftari la uzazi.

Si kila jambo linalomchukiza mfanyakazi ni uovu wa kufichuliwa. Kumtenga dume, kwa mfano, huweza kuonekana ukatili machoni pa mgeni wa kazi hiyo, ilhali ni utaratibu wa kawaida unaofaa. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo madhara yake yanajulikana wazi. Baba akipandishwa kwa binti yake, kwa kila jeni upo uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto atapokea nakala mbili zinazofanana kabisa, zote zikitokana na nakala moja ya baba huyo, na ndivyo magonjwa ya kurithi yaliyojificha yanavyojitokeza. Mbwa wawili wenye rangi ya mabaka iitwayo merle wakipandishwa pamoja, takriban robo ya watoto wao hurithi jeni hiyo kutoka pande zote mbili, na hao wamo katika hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi, vipofu au vyote viwili. Paka wa Scottish Fold hupendwa kwa masikio yake yaliyokunjwa, lakini jeni inayoyakunja ndiyo inayoharibu gegedu na viungo vya mwili mzima.

Hapa ndipo uamuzi unapokuwa mgumu, kwa kuwa baadhi ya vitendo hivyo havijakatazwa na sheria katika nchi nyingi. Mfanyakazi hana budi kutenganisha mambo matatu: kosa la jinai, kama vile kumnyima tiba mnyama anayeteseka, uovu wa kimaadili ambao sheria haijaugusa, na ulaghai kwa mnunuzi, kama vile kadi ya chanjo iliyoghushiwa au majibu ya vipimo vya jeni yaliyofichwa. Kwa maoni yangu, hili la tatu hupuuzwa mno. Pale ambapo sheria ya ustawi wa wanyama ni dhaifu, sheria inayomlinda mlaji huwa na meno, na taarifa ileile iliyokosa msikilizaji katika ofisi ya mifugo inaweza kupokelewa na chombo cha biashara.

Kuhusu ushahidi, ukurasa mmoja wa daftari la uzazi waweza kueleza mengi kuliko picha ya banda chafu. Tuseme umeandikwa jike fulani, dume fulani, tarehe ya kupandishwa, na siku 63 hivi baadaye watoto saba, wawili kati yao wakiwa viziwi. Hilo peke yake laweza kuwa matokeo ya kutojua. Lakini ikiwa mistari michache chini yake jozi ileile imepandishwa tena, mwandiko ukiwa wa meneja yuleyule, basi kutojua hakuwezi tena kuwa kisingizio. Mfanyakazi aandike alichokiona kwa macho yake, lini na wapi, akitenganisha hilo na alichosimuliwa. Kabla ya kurekodi video au kuchukua nyaraka aulize kwanza sheria ya mahali alipo inasemaje: katika jimbo la Idaho nchini Marekani, sheria ya mwaka 2014 ilikataza kurekodi shughuli za mashamba bila idhini, hadi mahakama ilipolibatilisha katazo hilo mwaka 2015, na mahakama ya rufani ikakubaliana nayo mwaka 2018.

Utaratibu unaopendekezwa mara nyingi ni kuanzia ndani, kisha chombo cha usimamizi, na vyombo vya habari mwishoni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 inayowalinda watoa taarifa huweka masharti magumu zaidi kwa anayekwenda kwa waandishi wa habari kuliko kwa anayemwendea mwajiri au msimamizi wa sekta. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2019/1937, linalotaja waziwazi afya na ustawi wa wanyama, humruhusu mtoa taarifa kwenda moja kwa moja kwa mamlaka iliyo nje ya biashara hiyo. Naona ruhusa hiyo ni ya haki, kwani katika biashara ndogo anayepokea malalamiko ndiye anayetoa amri, na onyo la mapema humpa nafasi ya kuhamisha wanyama na kuchoma daftari.

Kuficha jina nako kusitegemewe kupita kiasi. Tukio linalojulikana na watu watatu tu humtaja msemaji hata kama hakusaini. Vilevile, aliyewahi kuwashika wanyama hao wakati wa kupandishwa asijione amepoteza haki ya kusema. Ushiriki wake ndio uliomfanya ajue, ingawa yafaa apate ushauri wa mwanasheria kwanza.

Linabaki swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: wanyama wenyewe watakwenda wapi? Mwaka 2022, mbwa wapatao 4,000 wa aina ya beagle walipoondolewa kutoka kituo cha kampuni ya Envigo huko Virginia, Marekani, kilichozalisha mbwa wa majaribio ya maabara, kazi ya kuwahamisha ilichukua takriban miezi miwili, ikihusisha makazi ya wanyama ya majimbo mengi. Kampuni zilizohusika zilikiri makosa mwaka 2024 na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 35. Pasipo na makazi ya namna hiyo, mwenye banda aliyebanwa anaweza kuwauza wanyama kwa pupa au kuwaua. Kwa hiyo mfanyakazi anayepeleka taarifa aeleze pia idadi ya wanyama, wenye mimba, wanaonyonyesha na wagonjwa, na aulize chombo anachokiendea nani atawalisha siku ya kwanza baada ya ukaguzi.