Jicho halijafa, wacheni kununua miwani

Jamani wiki hii tena kaletwa mzee na miwani mipya, stika haijabanduliwa kwenye kioo, wanawe wananambia "dokta hii ya pili tumemnunulia lakini bado anagonga milango". Ya pili! Kiharusi cha nyuma ya kichwa, macho yote mawili mazima, na pesa ishakwenda.

Hii ndo inayonichosha kuliko zote kwa hiyo nitakaa nayo. Mtu akipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, hasa kule kisogoni kunakopokelewa habari za macho, anapoteza upande wa kushoto wa anachokitazama, na anaupoteza kwa macho YOTE mawili. Yeye atakwambia "jicho la kushoto limekufa" na nyumba nzima itaamini. Sio. Mishipa ya fahamu ya macho inapishana nusu nusu njiani, kilichoko kushoto kwako macho yote mawili yanakiona ila habari yake inakwenda ubongo wa kulia. Kama huamini mjaribu leo leo hapo barazani: kaa mbele yake magoti kwa magoti, aangalie pua yako, azibe jicho la kushoto kwa kiganja, we chezesha vidole pembeni kwenye kushoto kwake. Haoni. Haya azibe la kulia. Haoni vilevile, upande uleule. Lingekuwa jicho moja ndo bovu, akiliziba angeona pande zote kwa lile zima. Kumvalisha huyu miwani ni kubadilisha balbu wakati waya umekatika ndani ya ukuta.

Na kinachoniuma zaidi sio hizo pesa, ni muda. Kiharusi cha kule nyuma mara nyingi hakipindishi mdomo wala hakilegezi mkono, hakina hata maumivu makubwa, mtu anaamka tu upande haupo, basi kila jirani na lake, huyu mtoto wa jicho, huyu presha ya jicho, wanampeleka dukani kuchagua fremu wakati alitakiwa awe spitali saa ile ile. Upande wa kuona ukipotea ghafla ni dharura sawasawa na mdomo uliopinda.

Kunarudi? Kwa wengine ndio, kiasi. Mwezi wa kwanza ndo nafasi kubwa zaidi, ukifika mwezi wa sita kasi ishapungua sana. Na mara nyingi hakurudi kote kwa mara moja. George Riddoch, daktari wa Uingereza, aliwachunguza askari waliopigwa risasi za kichwa, akaandika mwaka 1917 kwamba wengine kwenye ule upande uliopotea walikiona kitu kikitikisika, kikitulia hawakioni tena. Kwa hiyo bibi akisema "kuna kitu kimepita hapa" na hajui nini, msimcheke, huenda ni dalili nzuri hiyo.

Kisichorudi tunakifidia kwa kuyafundisha macho yatembee. Chukua kusoma, maana kwetu hapa watu wanasoma kotekote, kuanzia kushoto na kuanzia kulia. Aliyepoteza kushoto akishika gazeti anakosa mwanzo wa mstari, anaanzia katikati anaona maneno hayana maana. Kwenye msahafu ndo balaa zaidi, mstari wenyewe unaelekea kule kule asikoona, neno linalofuata halipo, anasita sita, watu wanasema masikini kasahau hata kusoma. Hajasahau! Mwekeeni karatasi nyekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, kwenye gazeti asianze mstari mpaka macho yaikute nyekundu, kwenye msahafu asiuache mstari mpaka aifikie. Ni bure, na bado watu hawafanyi, wanasubiri miwani ya tatu.

Kuna na hii ya "anafanya jeuri". Sinia liko mbele yake, wali wa kulia kaumaliza, wa kushoto haujaguswa, halafu analalamika kapunjwa. Huyu ni tofauti na yule wa juu. Yule anajua kuna upande haoni, huyu kwake ule upande haupo duniani. Bisiach na Luzzatti, watafiti wa Italia, mwaka 1978 waliwaambia wagonjwa kama huyu wa Milan wauelezee kwa kichwa uwanja wa kanisa kuu la mji wao, wakayataja majengo ya kulia wakaacha ya kushoto, walipoambiwa wajione wamesimama upande wa pili wa uwanja, wakataja yale waliyoyaacha na wakayaacha waliyoyataja. Sasa hapo macho yanahusika vipi? Kumfokea hakusaidii. Na msimzungushie sinia kila siku, mwambieni kabla hajatia tonge autafute kwa mkono ukingo wa kushoto.

"Anaona watoto wamekaa pembeni, kaingiliwa na shetani." Ubongo uliokosa habari za upande mmoja unaweza kujitengenezea picha zake, na wengi wenyewe wanajua si za kweli, wananyamaza kwa kuogopa kupelekwa kwa mganga. Kisomo msomeeni hakuna ubaya, ila na daktari aambiwe.

"Hatujui tena, uzee." Akimtambua mwanawe kwa sauti lakini sio kwa sura, hiyo ni sehemu ya ubongo inayosoma sura imeguswa. Toa salamu utaje jina, basi.

"Miezi sita ishapita, tena basi." Kurudi kwenyewe ndo kunapungua, kujifunza kutembeza macho hata baada ya miaka kunawezekana, ninao wanaoanza hivo.

Na mwisho vespa. "Lakini dokta njia anaijua." Njia anaijua, mtoto anayechomoka kushoto hamuoni. Mpaka apimwe upana wa kuona na daktari aseme sawa, funguo zikae na nyie.