Cheti Ukutani Hakifungui Mlango

“Tuna cheti, kwa hiyo tuko salama.” Kati ya dhana zote potofu kuhusu uendelevu wa mazingira na jamii, hii ndiyo inayoniuma zaidi. Agosti 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises huko Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000, kinachohusu haki na usalama wa wafanyakazi. Wiki chache baadaye, Septemba 11, kiliungua. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Watu zaidi ya 250 walikufa.

Cheti husema kilichoonekana siku ya ukaguzi, basi. Hata ISO 14001, kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa mazingira iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, haikupangii kiasi cha moshi au maji machafu usichopaswa kuvuka. Inakutaka uwe na mfumo: ujue unachoharibu, uweke malengo, ufuate sheria, ujikague na ujirekebishe. Viwanda viwili vinaweza kuwa nayo, kimoja kikachafua mto kuliko kingine. Nayo ISO 26000 ya mwaka 2010, ya wajibu kwa jamii, ni mwongozo tu na haitolewi cheti. Ukionyeshwa cheti chake, kikatae.

“Hiyo ni kazi ya kitengo cha mazingira.” Madhara mengi huamuliwa kwenye manunuzi. Afisa anapochagua mzabuni wa bei ya chini kabisa, kisha akadai mzigo wa mwezi mzima ufike kwa siku kumi, haraka hiyo humwangukia fundi cherehani anayekesha. Kitengo cha mazingira hakikuwemo hata kwenye kikao.

“Sisi ni ofisi tu, hatutoi moshi.” Hesabu ya gesijoto, zile gesi zinazoongeza joto duniani, ina mafungu matatu: mafuta unayochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na yote yaliyobaki, yaani bidhaa, usafirishaji, safari, hata moshi wa miradi unayoikopesha ikiwa wewe ni benki. Kwa mashirika mengi fungu la tatu ndilo kubwa, na ndilo linaloachwa nje ya ripoti.

“Tunapanda miti kila mwaka.” Vizuri, endeleeni. Lakini miti haimlipi kibarua aliyekatwa mshahara, wala haisafishi maji mliyoyamwaga.

“Hakuna anayelalamika.” Nimeona sanduku la maoni limetundikwa pembeni ya mlango wa meneja, na ufunguo wake anao meneja. Lilikuwa tupu, na utupu huo ukasomwa kama amani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu inataka njia ya malalamiko iwe inaaminiwa na wale wanaotakiwa kuitumia. Basi lihamishe sanduku, ufunguo apewe mtu waliyemchagua wafanyakazi wenyewe, na kila lalamiko lijibiwe kwa tarehe iliyotajwa. Malalamiko yataongezeka miezi ya mwanzo. Usiyaandike kwenye ripoti kuwa ni kushindwa.