Kupigwa na Kondoo Dume: Maswali Tunayoulizwa Zahanati

Kondoo ni mnyama mpole. Anawezaje kumuumiza mtu?

Jike ni mpole. Dume aliyekomaa hurudi nyuma hatua chache, huinamisha kichwa, kisha huja mbio na kugonga kwa uzito wake wote. Mtu mzima aliyesimama hupigwa gotini au pajani, lakini aliyeinama kumwaga pumba na mtoto aliyetumwa zizini hupigwa tumboni, mbavuni au kichwani.

Amepigwa tumboni, hana jeraha wala damu. Je, asubiri hadi asubuhi?

Hapana, asisubiri. Bandama na ini huweza kupasuka bila ngozi kuchubuka hata kidogo, na damu ikajaa tumboni huku familia ikishukuru kwamba hakuna kilichovunjika. Tumbo linalouma likiguswa au lililokuwa gumu, maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa, jasho la baridi, kizunguzungu, viganja kuwa vyeupe na mkojo wenye damu ni dalili za kuondoka nyumbani saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mjamzito aende hata akijisikia vizuri, kwa sababu kondo la nyuma huweza kubanduka. Wanaoishi Ukerewe na visiwa vingine wana sababu zaidi ya kuwahi, maana rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, huvuka maji.

Je, kukandwa kwa maji ya moto hakusaidii?

Hakusaidii, na kunaweza kuua. Tunapokea wagonjwa siku ya pili au ya tatu, wamekandwa, wamenyweshwa uji na kupewa vidonge vya dukani vilivyoficha maumivu. Tumbo lililopigwa lisikandwe na mzazi, wala bibi, wala fundi wa mifupa. Mgonjwa asile wala asinywe hadi apimwe, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Kama kuna jeraha la wazi?

Lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, lisipakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe, na mgonjwa aje kuchomwa chanjo ya pepopunda.

Tumzuieje dume?

Atengewe zizi lake na alishwe kutoka nje ya uzio. Usimpe mgongo, hasa majike wanapokuwa kwenye joto, yaani wanapotaka kupandwa. Watoto wasisukumane naye vichwa wala wasimsugue paji la uso, jambo ambalo wazazi wengi hulitazama wakicheka, ilhali ndivyo dume anavyofundishwa kupiga watu. Aliyelelewa kwa chupa ndiye hatari kuliko wote, kwa kuwa hamwogopi binadamu. Dume ambaye tayari amempiga mtu achinjwe. Kumuuzia jirani kama dume la mbegu bila kumwambia ni kuhamishia majeruhi kwenye nyumba nyingine.