Mtoto anaumwa: twende au tusubiri kuche?

Swali hili huja usiku, na Juni na Julai ndiyo huwa gumu zaidi, maana huku nyanda za juu kusini baridi ya Uyole au Makete inakata na hakuna anayetamani kutoka nje. Ndani ya nyumba kila mtu ana lake. Bibi amegusa paji la uso na kutoa hukumu, jirani ameshautaja ugonjwa kwa jina, baba yuko safarini na simu haipatikani. Yafuatayo ni baadhi ya yanayosemwa kuhusu watoto wa chini ya miaka 5, na yale yanayojulikana kitabibu.

"Homa ikishuka, mtoto kapona"

Parasetamoli hushusha joto. Haiui vimelea vya malaria, na bakteria wa nimonia haiwagusi. Mtoto anaweza kupoa kwa saa kadhaa huku ugonjwa ukiendelea na kazi yake. Na yupo mwingine ana joto kali lakini ananyonya, anachezea funguo za mama, anadai uji. Huyo anatia hofu kidogo kuliko asiye na joto lakini amelegea tu mgongoni.

Kabla hata ya kipimajoto, mhudumu wa afya huuliza mambo manne. Je, ameshindwa kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege katika ugonjwa huu? Amelegea sana, au haamki vizuri ukimwamsha? "Ndiyo" moja tu kati ya hizo inatosha kuondoka saa hiyohiyo. Kwa maoni yangu la kwanza ndilo jepesi kwa mama yeyote: mpe ziwa au kijiko cha maji ukiwa umemtazama. Mtoto akigeuza uso kwa hasira, ana nguvu bado. Akishindwa kumeza, hapo msiendelee kujadiliana.

"Ni baridi tu imemwingia kifuani, mfunike"

Hii imeota mizizi huku kwetu, na sababu yake inaeleweka. Nimonia huletwa na bakteria na virusi, na moshi wa kuni ndani ya nyumba huongeza hatari yake. Kumpa mtoto joto ni vizuri. Shida ni kwamba sweta mbili, kofia na blanketi la mgongoni vinaficha kitu pekee unachotakiwa kukiangalia.

Basi mfunue kidogo. Subiri atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mlaze mapajani, pandisha fulana mpaka uone kifua na tumbo, washa saa ya simu, kisha hesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wadogo hupumua harakaharaka kidogo, kisha polepole. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 kwa dakika, anapumua haraka mno. Wa miezi 2 hadi 11, kikomo ni 50. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Ukipata namba hiyo au zaidi, mpeleke kituoni leo.

Ukiwa bado umemfunua, tazama pale mbavu zinapoishia. Akivuta hewa na sehemu hiyo ya chini ya kifua ikadidimia ndani, nayo ni dalili ya kuondoka. Hali kadhalika kukoroma kwa sauti kali akiwa macho na ametulia, au midomo kuwa ya bluu.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba alicholala mgonjwa ili kumpasha joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua watu wazima wenye afya zao.

"Kikohozi hiki ni kimeo, kuhara huku ni meno ya plastiki"

Kwa kimeo nitasema kwa kifupi: kukikata hakuponyi kikohozi, na mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata maambukizi. Kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno halisi ndani ya ufizi. Kuving'oa ni kumjeruhi mtoto aliyekwisha kuishiwa maji.

Kuhara huanza mara nyingi umri wa kutambaa kwa sababu kila kinachookotwa sakafuni kinaishia mdomoni, na chakula cha nyongeza nacho kimeshaanza. Wengine huwanyima maji ili "kuhara kukauke". Kinachoua ni huko kukauka. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogokidogo kwa kijiko, aendelee kunyonya, na umwombe mhudumu vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Nenda kituoni bila kungoja ukiona damu kwenye choo, macho yaliyozama, au ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole.

"Huku kwetu kuna baridi, malaria haipo"

Ni kweli iko kidogo milimani kuliko bondeni. Lakini watu wanashuka Kyela kwa shughuli zao, wanakaa Mbarali msimu wa mpunga, na mtoto yuko mgongoni. Homa inaweza kuja wiki moja, mbili au zaidi baada ya kurudi nyumbani, safari imeshasahaulika. Mtaje mhudumu mlikotoka, ili achukue tone la damu apime. Wapo pia wa upande wa pili, ambao kila homa wananunua dawa ya mseto ya malaria dukani bila kipimo, na nimonia inapata siku tatu za bure.

"Degedege ni la kienyeji, akichomwa sindano atakufa"

Hapana. Degedege linaweza kuletwa na homa kali tu, ila linaweza pia kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au upungufu wa sukari, na ukiwa nyumbani huwezi kuvitofautisha. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, usimfukize. Angalia saa, halafu mwende, hata kama limeshaisha.

"Mchanga hatoki nje kabla ya arobaini"

Kwa ugonjwa, mila hii isubiri. Chini ya miezi 2 hali hubadilika ndani ya saa chache. Joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili wa baridi usiopata joto, kunyonya kwa unyonge, au manjano kwenye viganja na nyayo: apelekwe. Mchanga anayelala mno na kusahau kunyonya huwa anasifiwa kuwa mtulivu. Mwamshe, mpe ziwa, uone.

"Tumeshapewa dawa, kurudi ni kumsumbua daktari"

Dawa ya jana haifuti dalili ya leo. Asipopata nafuu baada ya siku mbili mrudishe, na akiacha kunywa, akianza kupumua haraka au akizidiwa, mrudishe wakati huohuo. Mkipewa rufaa, maana yake ni kwamba zahanati haina oksijeni au dawa ya mshipa anayohitaji; kupitia nyumbani kwanza kushauriana na ukoo kunakula saa ambazo hana.

Kama usafiri ni bodaboda ya alfajiri, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, khanga na blanketi vije juu, uso uonekane, aendelee kunyonya kama anaweza. Beba kadi ya kliniki na chupa za dawa zote alizokwisha kunywa, pamoja na za mitishamba. Mkifika, usikae foleni kimya: mwambie muuguzi wa kwanza unayemwona kwamba mtoto hanyonyi, au amepata degedege, na saa ngapi.