Kula bila nyama, maziwa wala mayai huku Uganda: maswali tunayoulizwa sana tukiwa mtaani

Karibu kila Jumamosi tunabeba sufuria mbili, gunia la mkaa na mwiko tunaenda mtaani, mara Kisenyi, mara Katwe hapa Kampala, tukipata usafiri tunafika mpaka Bombo, tunapika chakula ambacho hakina kitu chochote cha mnyama, watu wanakula bure halafu wanauliza maswali. Mi sio daktari, nimesomea lishe na mwenyewe nakula hivi miaka kadhaa sasa. Nimeandika hapa yale maswali yanayorudi kila mara, maana naona watu wanaanza haya mambo na moyo mzuri kabisa lakini kuna kitu kimoja hakuna aliyewaambia, na hicho kitu ndio kinakuja kuwaumiza baadaye. Nitakifikia.

SWALI: Vegani ndio nini? Si ni kama Wasabato tu?

Hapana, ni majirani lakini sio nyumba moja. Msabato aliyeacha nyama mara nyingi bado anakunywa maziwa na anakula mayai. Vegani hali nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, samli, na wengi hata asali wanaiacha. Neno lenyewe lilianzia Uingereza mwaka 1944 na watu wachache walioona kuacha nyama peke yake haitoshi. Na nsenene, wale panzi wa kuliwa? Hilo tunaulizwa kila Novemba zikianza kuruka. Nsenene ni mdudu na mdudu ni mnyama, kwa hiyo hapana. Enswa, yaani kumbikumbi, vilevile, na mukene, wale dagaa wadogo, pia hapana.

SWALI: Hii si chakula cha wazungu na watu wenye pesa?

Nielewe vizuri hapa. Ukiingia supamaketi ukaanza kutafuta maziwa ya lozi na soseji za soya zilizotoka ng'ambo, ndio, utaishiwa pesa wiki ya kwanza. Lakini angalia sufuria zetu wenyewe. Malakwang, ile mboga ya majani machachu, na odii, siagi ya karanga na simsim, kule kaskazini, malewa ya Bugisu, yaani machipukizi ya mianzi, ndani ya mchuzi wa binyebwa (karanga), katogo, yaani mchanganyiko, ya muwogo (mihogo) na maharage, kalo, ugali wa ulezi, na mboga ya kunde, firinda, maharage yaliyomenywa, ukiipika na mafuta badala ya samli, luwombo, chakula kinachofungwa kwa majani ya mgomba, ya binyebwa na uyoga, matoke na dodo (mchicha). Hakuna mzungu alituletea hayo, ni ya bibi zetu.

Na kuna kitu lazima niseme wazi. Nyumba nyingi tunazopita watu hawali nyama siku sita kati ya saba, sio kwa sababu wameamua, ni kwa sababu pesa hakuna. Mtu kama huyo ukienda kumwambia acha nyama unamdharau. Shida yake sio nyama, shida ni kwamba anakula posho (ugali) na chumvi, au matoke peke yake asubuhi na jioni. Sisi kwake tunaenda kuongeza sio kutoa: maharage, dodo, ovakado, binyebwa kidogo.

SWALI: Na nguvu? Nabeba mizigo soko la Owino kutwa nzima, bila nyama si nitaanguka?

Nguvu ya kubeba inatoka kwa posho na muwogo zaidi kuliko nyama, hilo tuliweke sawa kwanza. Unachoulizia wewe ni protini, ile ya kujenga mwili. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku, na anayefanya kazi nzito aongeze kidogo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Binyebwa gramu 100 zina kama 25, soya kavu ndio inashinda wote, kama 36. Sasa matoke gramu 100 ina kama gramu 1 tu, na muwogo ni hivyo hivyo, ndio maana nasema matoke na mchuzi wa nyanya sio mlo hata kama tumbo limejaa.

Halafu posho na maharage zinasaidiana, mahindi yana upungufu wa kitu fulani kinachoitwa laisini na maharage yanacho kwa wingi, maharage nayo yanapungukiwa kitu kingine ambacho mahindi yanacho, wazee hawakujua majina hayo lakini walijua vizuri kuviweka sahani moja. Si lazima hata uvile saa ile ile, ilimradi ni siku ile ile.

Watu wanalalamika maharage yanakula mkaa na yanaleta gesi. Loweka usiku, mwaga yale maji, pika na maji mapya. Yanaiva haraka, mkaa unabaki, gesi inapungua, na hata madini yake mwili unayachukua vizuri zaidi. Ukiweza kupata zile mbegu za maharage za NAROBEAN zilizotolewa mwaka 2016 panda hizo, zina madini ya chuma mengi kuliko maharage ya kawaida.

SWALI: Kuna kitu chochote ambacho mimea haina kabisa?

Ndio. Vitamini B12. Hiki ndio nilisema nitakifikia, na kama utasoma jibu moja tu hapa basi lisome hili.

B12 inatengenezwa na bakteria, na sisi tunaipata kwa nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa maharage haimo. Kwa dodo haimo. Bushera, ule uji wa nafaka uliochachushwa, haina ya kukutosha hata kama imechachuka vizuri, spirulina ile ya mwani wanayouza kwa bei ndio kabisa usiitegemee, na ile stori ya kula mboga bila kuosha ati udongo una B12, tafadhali, utapata minyoo na homa ya matumbo kabla hujapata vitamini. Kazi yake ni kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Ikipungua unaanza kuchoka bila sababu, miguu na vidole vinawaka au vinakufa ganzi, unasahau sahau, unatembea kama unayumba. Na mishipa ikikaa imeharibika muda mrefu kuna uharibifu ambao haurudi hata ukija kuchomwa sindano.

Kinachodanganya watu ni kwamba ini linaweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Unaacha nyama leo, mwaka unaisha uko sawa, wa pili uko sawa, unaanza kuwaambia watu mimi sijameza kidonge na sina shida, kumbe unakula akiba. Na ukiwa unakula mboga nyingi za majani unapata foliki nyingi, nayo ni vitamini nyingine ya damu, hiyo inaweza kuficha upungufu wa damu usionekane kwenye kipimo huku mishipa inaendelea kuharibika kimya kimya.

Dawa yake ni rahisi. Nenda duka la dawa uombe vidonge vya B12, soma kwenye boksi ni mikrogramu ngapi. Mtu mzima mwili wake unahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini kidonge kikubwa mwili unachukua sehemu ndogo tu, kwa hiyo wavegani wanashauriwa angalau mikrogramu 10 kila siku, au 2000 mara moja kwa wiki. Ya mara moja kwa wiki ndio wengi wetu tunaiweza, ukichagua Jumapili iwe Jumapili. Na kama unameza metformin ya sukari jua kwamba nayo inapunguza B12 mwilini, hata kwa mtu anayekula nyama, mwambie daktari akupime.

Mi nasema kila tunapoenda: kama huwezi au hutaki kumeza hii B12, basi usiache vyote, bakiza mayai au maziwa. Kuna wenzangu hawapendi nikisema hivyo lakini sitamwambia mtu vingine, nimeona mtu akishindwa kufunga vifungo vya shati lake.

SWALI: Damu itaisha?

Madini ya chuma yapo kwa maharage, dodo, nakati (mboga nyingine ya majani), simsim, soya na mtama, tatizo ni kwamba chuma ya mimea mwili unaichukua kwa shida. Kuna vitu viwili vya kufanya. Weka kitu chenye vitamini C kwenye mlo huo huo, ndimu juu ya mboga, nyanya mbichi, chungwa, embe, pasheni. Na chai ya majani au kahawa isogeze, kunywa saa moja au mbili baada ya kula, sio pamoja na chakula, maana inafunga ile chuma. Wamama wengi tunaokutana nao kitu cha kwanza wanabadilisha ni hii chai, haina gharama yoyote. Ukiwa na hedhi nzito au unasikia kizunguzungu usijitibu na bitiruti, nenda kituo cha afya wapime damu.

SWALI: Mimi ni mjamzito, na nina mtoto wa mwaka mmoja. Tunaweza wote?

Dada yangu, hapa twende polepole. Mjamzito anaweza, lakini B12 ni lazima sio hiari, na vile vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki ya wajawazito umeze vyote, na mwambie mkunga wazi kwamba huli nyama wala maziwa, usimfiche. Tumia chumvi yenye madini joto. Ukinyonyesha bila B12 maziwa yako hayatakuwa nayo, na mtoto akipungukiwa analegea, anaacha kukaa hata kama alikuwa ameshaanza, hiyo ni hatari kubwa.

Mtoto miezi 6 ya kwanza ni ziwa la mama tu. Baada ya hapo tumbo lake ni dogo na anahitaji chakula kizito, na huku kwetu tunajua vizuri matoke ya kuponda na uji mwepesi vinafanya nini, mtoto anavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, ndio kwashakoo. Kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago wamefundisha kitobero miaka mingi, unachanganya chakula cha nguvu, cha mimea chenye protini kama maharage au binyebwa, na cha mnyama kama yai, maziwa au mukene, unapika pamoja. Mi ni vegani na bado nakwambia mtoto chini ya miaka miwili usimtoe yai na maziwa ukiwa peke yako nyumbani. Kama umeamua kweli kweli, fanya na mtu wa lishe anayempima uzito kila mwezi. Hatuendi mtaani kuokoa kuku halafu tumpoteze mtoto.

Na viazi vitamu vya rangi ya chungwa mpe sana, vina vitamini A ya macho. Mganda mwenzetu Robert Mwanga alipewa zawadi ya chakula ya dunia mwaka 2016 pamoja na wenzake kwa kazi yao juu ya hivi viazi na mazao mengine yenye virutubisho.

SWALI: Itaponya sukari na presha?

Inasaidia, haiponyi. Maharage, mboga na matunda vina nyuzinyuzi, vinashusha uzito na presha kwa watu wengi. Lakini soda ni vegani. Chipsi ni vegani. Chapati tatu na chai ya sukari vijiko vinne ni vegani. Dawa usiache hata siku moja bila daktari, sukari ikishuka sana kwa sababu umebadilisha chakula yeye ndio atapunguza dozi.

SWALI: Nasikia binyebwa zinaleta kansa?

Binyebwa zenyewe hapana, ni ukungu unaoota juu yake zikianikwa chini au kuwekwa na unyevu, unatoa sumu inaitwa aflatoksini na hiyo ndio inaharibu ini. Sisi tunaokula binyebwa kila siku tuwe makini kuliko wengine wote. Nunua nzima sio ya unga usiojua imetoka wapi, toa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye uchungu, halafu saga mwenyewe. Kukaanga hakumalizi hiyo sumu. Muwogo mchungu nao uloweke na ukauke vizuri, Kasese mwaka 2017 watu waliugua na wengine wakafa kwa unga wa muwogo uliobaki na sumu yake yenyewe, sio ile ya ukungu.

SWALI: Nikienda ukweni wakichinja kuku kwa heshima yangu nifanyeje?

Ongea kabla hawajachinja. Piga simu siku mbili kabla, mwambie mama mkwe kwa adabu, kisha beba wewe luwombo yako ya binyebwa na uyoga uweke mezani kwa wote. Ukisubiri mpaka sahani iko mbele yako umeshachelewa na hapo ni aibu ya watu wawili.

SWALI: Nataka kufanya hivi mtaani kwetu, naanzaje?

Muone mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa, kwanza, halafu VHT wa eneo, mhudumu wa afya wa kijiji, yeye anajua nyumba gani ina mtoto dhaifu na nani ana sukari. Usibebe picha za machinjio, watu wanaondoka na watoto wanalia. Usimuulize mtu kwa nini anakula nyama.

Sisi siku ya kwanza tulipeleka soya tuliyoipika wenyewe kwa namna tuliyojifunza kwenye simu, sufuria ilirudi zaidi ya nusu. Wiki iliyofuata tukamuomba mama anayeuza maharage pale pale stendi apike yeye, mapishi yake, mafuta yake, kitunguu chake, sisi tukanunua mkaa na tukaongeza dodo, ndimu na ovakado pembeni. Kabla ya saa saba mchana sufuria ilikuwa tupu na watu walikuwa wanamuuliza yeye maswali, sio sisi. Siku hizi kwenye meza yake kuna boksi la B12 karibu na chumvi, mtu akimwambia ameacha nyama anamwonyesha vile inaandikwa ili akaitafute duka la dawa.