"Dokta, 86 ni ndogo?"

Ujumbe huja usiku, pamoja na picha ya karatasi ya maabara: "Dokta, hCG yangu ni 86. Mwenzangu tuliyepandikizwa siku moja ana 210. Yangu imeharibika?" Katika kitengo chetu cha uzazi, tunakopandikiza viinitete (mimba changa zilizotungwa maabara), swali hili halikauki.

hCG ni homoni ya mimba; hutolewa na seli zitakazojenga kondo la nyuma, na huanza kuonekana kwenye damu kiinitete kikishajishikiza kwenye mji wa mimba. Sasa, viinitete havijishikizi vyote siku moja. Kilichotangulia siku moja tu kinaweza kuacha pengo kubwa, na mapacha nao huipandisha. Kwa hiyo 210 ya mwenzako iache hukohuko kwake.

Sisi tunaangalia mwendo. Tunarudia kipimo baada ya saa 48, tena maabara ileile, maana mashine mbili zinaweza kutofautiana kwa damu ya mtu mmoja. Wengi wameambiwa lazima namba ijirudufu. Ikitoka 86 ikafika 140 badala ya 172, nyumba nzima inalia. Mimba nyingi nzima hazifuati hesabu hiyo. Kipimo cha kwanza kikiwa chini ya 1,500, ongezeko la asilimia 49 kwa siku mbili ndilo kiwango cha chini tunachotarajia, yaani 86 ifike kama 128. Ikishapita 3,000, hata asilimia 33 yatosha. Baadaye, kuanzia wiki ya 10 hivi, homoni hii hushuka yenyewe, lakini kufikia hapo ultrasaundi imeshachukua kazi: kifuko cha mimba huonekana karibu na wiki ya 5, mapigo ya moyo karibu na wiki ya 6.

Na wale wanaojipima chooni siku ya tano baada ya kupandikizwa? Kama ulichomwa sindano ya hCG ya kukomaza mayai, mabaki yake hukaa mwilini hata siku 10 au zaidi. Mistari miwili unayoiona huenda ni sindano.

Projesteroni, homoni inayouandaa mji wa mimba na kuitunza mimba, ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Ukiwekewa kiinitete kilichogandishwa katika mzunguko ulioandaliwa kwa dawa, mwezi huo ovari zako hazikuachia yai, hivyo karibu projesteroni yote inatoka kwenye dawa. Vidonge vya ukeni hufika kwenye mji wa mimba kwa wingi, ila kwenye damu ya mkononi huonekana kidogo. Anayechomwa projesteroni ya sindano ya mafuta atakuwa na namba kubwa kuliko yako, na hilo halimaanishi amekupita. Anayemeza didrojesteroni, dawa inayofanana na projesteroni, kipimo cha kawaida hakiisomi kabisa. Halafu kuna vizio vya kipimo: maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na 10 ya kwanza ni sawa na 32 hivi ya pili. Nimeona mtu akishangilia "kupanda" ambako kulikuwa kubadilisha maabara tu.

Usiongeze dozi wala kuiacha kwa sababu ya namba uliyoisoma mwenyewe, au kwa sababu umeona tone la damu. Kondo la nyuma huanza kutengeneza projesteroni ya kutosha lenyewe kati ya wiki ya 7 na ya 9. Kabla ya hapo, kuacha dawa ghafla ni hatari. Tuambie pia kama unameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini (vitamini B7), ambayo ikizidi hupotosha baadhi ya vipimo, hCG ikasomeka chini na projesteroni juu.

Lipo jambo moja ambalo hata namba nzuri hailifuti. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba hutokea hata baada ya kupandikizwa. Mimba ya kwanza kabisa ya kupandikizwa iliyoripotiwa Uingereza, 1976, ilitunga nje ya mji wa mimba. Ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, saa 48 usizisubiri. Nenda hospitali usiku huohuo, na waambie mapokezi umepandikizwa lini.